Amana Mikononi mwa Sahibu

 Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo likisikiwa kwa mara ya kwanza laweza kudhaniwa kuwa la vijana peke yao, na wazee wetu wakashawishika kupunguza sauti ya redio na kuendelea na shughuli zao. Lakini nawasihi wasubiri kidogo, kwa sababu ndani yake mna suala la zamani sana ambalo kila umma wenye fasihi umepata kulikabili. Mtunzi akifariki kabla hajaifikisha kazi yake mwisho, na watu waliokuwa karibu naye wakaishika kalamu na kuendelea pale alipoachia, je, msomaji aliyeipenda kazi ile kwa miaka mingi aipokee sehemu mpya kama mali ya marehemu, aikatae kama kitu cha kubuni, au aisome huku moyo wake ukimsuta?

Nitalizungumza suala hili kwa njia ya kisa kimoja ambacho kimewashughulisha wasomaji wa nchi nyingi, nacho ni kisa cha hadithi ya picha ya Kijapani iitwayo Berserk. Wajapani wana fani kubwa ya hadithi za picha, ambayo wao huiita manga, na fani hiyo si vikatuni vya kuwachekesha watoto tu, bali ni maktaba nzima yenye tarehe, mapenzi, falsafa, vita na michezo, ambayo huchapwa kwanza kipande kwa kipande katika magazeti, kisha vipande hivyo vikakusanywa vikawa juzuu. Kwa hiyo msomaji wa manga aghalabu hasomi kitabu kilichokwisha. Huishi na hadithi ikiwa bado inazaliwa, akaisubiri, akaikisia, akagombana na wenziwe juu ya yale yatakayokuja, na akafika utu uzima huku wahusika wale wakiwa wamekaa naye muda mrefu kuliko baadhi ya jamaa zake. Mapenzi ya namna hiyo si ya kubezwa, na mtu asiyeyaelewa hataweza kuelewa uzito wa shaka ninalotaka kulizungumza.

Mtunzi wa Berserk alikuwa Kentaro Miura, aliyezaliwa mwaka 1966 katika jimbo la Chiba. Alianza kuitoa hadithi yake mwaka 1989, na tangu mwaka 1992 ikawa inachapwa katika gazeti la Young Animal, la kampuni ya Hakusensha. Yeye alikuwa mtunzi na mchoraji kwa wakati mmoja. Maneno yalikuwa yake na mistari ilikuwa yake, na mistari hiyo ilikuwa na wingi na ustadi wa kustaajabisha, hata ukurasa mmoja wenye jeshi, ngome na farasi ulimzuia msomaji asifunue ukurasa wa pili mpaka macho yake yashibe. Mwaka 2002 alipewa tuzo mojawapo katika tuzo zilizopewa jina la Osamu Tezuka, mtu anayeheshimiwa kuliko wote katika fani hiyo, na kufikia mwaka aliofariki, nakala zaidi ya milioni 50 za juzuu zake zilikuwa zimekwisha sambazwa duniani.

Hadithi yenyewe ni ya huzuni kubwa. Guts ni mpiganaji aliyezaliwa chini ya mti uliotundikwa maiti ya mama yake, akalelewa na askari wa kukodiwa, akakua hajui kazi nyingine ila upanga. Anakutana na Griffith, kijana mzuri wa sura na mwenye tamaa isiyo na mpaka, aliyeazimia kuupata ufalme ilhali hakuzaliwa katika nyumba ya wafalme. Naye ndiye kiongozi wa kikosi ambacho twaweza kukiita Kikosi cha Mwewe. Urafiki wao, pamoja na mapenzi ya Guts kwa Casca, mwanamke shujaa wa kikosi hicho, ndio roho ya hadithi. Na usaliti wa Griffith, aliyewatoa wafuasi wake kafara kwa majini ili apate uwezo mkubwa kuliko wa wanadamu, ndio jeraha ambalo Guts hulibeba kwa miaka yote inayofuata, akiwa na chapa shingoni inayowaita mashetani kila jua linapokuchwa. Tangu siku ile ya usaliti, kila msomaji alijua kuwa njia yote inaelekea mahali pamoja: Guts na Griffith lazima wakabiliane, na jambo fulani lazima liamuliwe baina yao.

Tarehe 6 Mei 2021, Miura alifariki kwa ghafla kwa sababu ya kupasuka kwa mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Umri wake ulikuwa miaka 54. Habari ilitangazwa majuma mawili baadaye, na wasomaji waliokuwa wamezoea kungoja miezi, na pengine hata zaidi ya mwaka, ili wapate kipande kimoja, wakatambua kuwa safari hii kungoja hakuna mwisho. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule ilichapwa sehemu ya 364, ambayo Miura aliiacha haijakamilika, na wasaidizi wake wa Studio Gaga wakaimaliza. Katika sehemu hiyo, mtoto asiyesema, ambaye alikuwa na desturi ya kuwatembelea Guts na Casca usiku wa mwezi mpevu, anageuka na kuwa Griffith mwenyewe. Hapo ndipo mkono wa Miura uliposimama: adui amefika mlangoni, na siri iliyofichwa kwa miaka imefunuka.

Mwaka mmoja na zaidi kidogo tangu kufariki kwake, mwezi wa Juni 2022, ikatangazwa kwamba Berserk itaendelea. Wachoraji watakuwa wale wale wa Studio Gaga, na msimamizi atakuwa Kouji Mori, ambaye ni mtunzi mashuhuri wa manga kwa haki yake mwenyewe, na ambaye alikuwa sahibu wa Miura tangu wakiwa wanafunzi wa shule ya sekondari. Mori alieleza kuwa takriban miaka 30 iliyopita, Miura alipokuwa akikaribia ile sehemu ya kafara, alimwita ampe shauri, wakajifungia kwa muda wa juma moja wakizungumza, na katika mazungumzo hayo hadithi yote ilisimuliwa mpaka hatima yake; na kwamba tangu wakati huo mpango ule mkubwa haukubadilika. Kisha akatoa ahadi ambayo naona ndiyo kiini cha habari yote: ataandika yale tu aliyoambiwa na Miura, hatayanenepesha kwa mawazo yake mwenyewe, na lile asilolikumbuka sawasawa ataliacha. Akakiri pia kuwa kazi haitakuwa kamili.

Hapo ndipo mashaka ya wasomaji yalipoanza, nami napenda kuyaeleza kwa ukamilifu, maana si adabu kumjibu mtu kabla hujamsikiliza. Shaka la kwanza ni la kumbukumbu: maneno yaliyosemwa miaka 30 iliyopita, hata yakiwa yamesikiwa na rafiki mwaminifu, hayawezi kubaki kama yalivyokuwa, kwa sababu akili ya mwanadamu hutengeneza pale inapodhani kuwa inahifadhi. Shaka la pili ni la mkono: wasaidizi walijifunza kwa Miura na wanaijua kazi yake, lakini kujua kuchora ngome kama alivyoichora mwalimu si sawa na kujua ni wakati gani uso wa mtu uachwe kimya bila neno lolote. Shaka la tatu ni la biashara, kwamba kitabu chenye wanunuzi wengi namna hii hakiruhusiwi kufa na wale wanaokula kwa kalamu yake. Na shaka la nne, ambalo kwangu mimi ndilo zito kuliko yote, ni kwamba hadithi iliyosimuliwa kwa mdomo katika juma moja siyo hadithi ambayo mtunzi angeitoa baada ya miaka 30 ya kuichora.

Shaka hili la nne nitalikalia kidogo, kwa sababu ndani yake mna elimu ya utunzi. Katika sehemu za mwanzo za Berserk kuna usiku mmoja ambapo Guts, akiwa amejificha nje ya jumba, anamsikia Griffith akimweleza binti mfalme maana ya rafiki. Griffith anasema, kwa muhtasari, kuwa rafiki yake wa kweli ni mtu mwenye ndoto yake mwenyewe, asiyeishi chini ya kivuli cha ndoto ya mwingine, aliye sawa naye. Guts, ambaye mpaka dakika ile aliridhika kuwa upanga wa Griffith, anachomwa na maneno hayo, akaazimia kuondoka kikosini ili atafute njia yake na astahili kuitwa rafiki. Na kuondoka kwake ndiko kunakomvunja Griffith, kukampeleka kifungoni, na hatimaye kwenye usaliti. Kwa hiyo maangamizi yote yalitokana na maneno ya heshima yaliyosikiwa na mtu ambaye hayakukusudiwa kumfikia. Sasa chukulieni kwamba Miura alifariki kabla ya kuuchora usiku ule, na rafiki yake akakumbuka tu kuwa Guts aliondoka na Griffith akaanguka. Tukio lingehifadhiwa, na sababu ingepotea. Tungepata mifupa ya kisa, lakini kile kilichowafanya watu walie hakingekuwapo.

Hilo ndilo wanaloliogopa wasomaji, na sehemu zilizotoka tangu Juni 2022 zimewapa baadhi yao sababu ya kuendelea kuogopa. Guts anampiga Griffith kwa upanga wake mkubwa na upanga haumpati, Casca anachukuliwa, kisiwa kilichokuwa maficho yao kinaangamia, na Guts, ambaye hakuwahi kukubali kushindwa, anazama katika ukiwa. Haya ni matukio makubwa mno, lakini yanakwenda upesi, na maneno ni machache, na wasomaji wengi wamesema kuwa wanaiona njia bila kumwona mtu aliyekuwa akiwashika mkono. Wengine wameridhika, wakasema kuwa michoro imeshika heshima ya mwalimu na kwamba wanashukuru kupata kujua yaliyokuwa yamekusudiwa. Makundi yote mawili yanampenda marehemu, na ni kosa kubwa kwa kundi moja kulishutumu jingine kwa upungufu wa mapenzi.

Maoni yangu, wasikilizaji, ni kwamba shaka la wasomaji ni la haki, lakini mara nyingi limeelekezwa mahali pasipo pake. Kuuliza kama kazi mpya ni sawa na ya Miura ni kuuliza swali ambalo jibu lake lilijulikana kabla ya ukurasa wa kwanza kuchorwa, maana Miura amefariki na hapana mwingine. Swali la maana ni la amana: je, wale waliokabidhiwa wanatoa kile walichokabidhiwa, na je, wanatuonyesha waziwazi pale ambapo mali ya marehemu inaishia na yao inaanzia?

Katika urithi wetu wa elimu mna mizani iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Wanazuoni waliokusanya hadithi za Mtume hawakutosheka na uzuri wa maneno yaliyoletwa mbele yao. Waliuliza yamepokewa na nani, na huyo aliyapokea kwa nani, je, alikutana naye kweli, je, alikuwa mwadilifu, na je, hifadhi yake ilikuwa madhubuti. Sikusudii kulilinganisha jambo tukufu la dini na jambo la sanaa ya dunia. Nasema tu kuwa mwanadamu akipewa neno la mtu aliye ghaibu, njia ya busara ni kumchunguza mpokezi kabla ya kulihukumu neno.

Tukimchunguza Mori kwa mizani hiyo tunapata nini? Kukutana walikutana, tena tangu ujana, na Miura mwenyewe aliwahi kueleza kuwa urafiki wa siku zile za shule ulimpa mali ya kukitungia Kikosi cha Mwewe. Uadilifu wake twaweza kuupima kwa maneno yake: mtu anayetaka kujitukuza hutangaza kuwa anajua yote, bali huyu alitangaza mipaka ya ujuzi wake kabla hajaulizwa, na akawaambia wanunuzi kuwa watakachokipata kitakuwa na upungufu. Fauka ya hayo, hakuwa mtu asiye na jina anayetafuta kupanda mabegani mwa maiti. Alikuwa na kazi zake, kama vile Holyland, zilizochapwa katika gazeti lile lile la Young Animal, na kwa maneno ya Griffith alikuwa mtu mwenye ndoto yake mwenyewe. Inapobaki shaka ni katika hifadhi, kwa sababu miaka 30 ni mingi na mpokezi ni mmoja, hapana shahidi wa pili wa kumsahihisha. Basi hukumu ya haki ni kuipokea habari hii kama habari ya mpokezi mmoja mwema: tuiheshimu, tuisome kwa makini, tuitumie kuuelewa mwelekeo wa marehemu, lakini tusiinue daraja yake mpaka ikawa sawa na kile alichokichora mwenyewe.

Kwa mizani hiyo, hata upungufu wa maneno unaolalamikiwa unapata sura nyingine. Msimamizi aliyeahidi kutonenepesha alikuwa na njia rahisi ya kuwafurahisha watu, nayo ni kubuni: kumpa Guts hotuba ndefu ya majonzi, kumpa Casca kumbukumbu za kutoa machozi, kujaza kila pengo kwa kitu kinachofanana na Miura. Kama angefanya hivyo, pengine sifa zingekuwa nyingi zaidi, na sisi tungekuwa tumedanganywa kwa namna isiyoweza kugunduliwa. Kurasa zenye maneno machache ni kurasa za mtu anayesema, hapa ndipo nilipoambiwa na zaidi ya hapa sijui. Napendelea pengo la kweli kuliko zulia zuri lililotandikwa juu ya shimo.

Hata hivyo sitaki kuifanya ahadi ile ionekane kuwa inaweza kutimizwa kwa ukamilifu, maana haiwezi. Masimulizi ya mdomo hayasemi kama mvua inanyesha, wala kama uso unaelekea kulia au kushoto, wala kama kimya kidumu kwa ukurasa mmoja au miwili. Na katika manga mambo hayo si pambo la hadithi, ni hadithi yenyewe. Studio Gaga hawana budi kuchagua, na kila wanapochagua wanakuwa watunzi, watake wasitake. Ndiyo maana nasifu jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama: juzuu ya 42, iliyotoka Japani mwaka 2023 na ambayo ndiyo ya kwanza yenye kazi iliyoanzwa baada ya mauti, haikuandikwa jina la Miura peke yake. Yeye ametajwa kuwa mwenye asili ya kazi, Studio Gaga wametajwa kuwa wachoraji, na Mori ametajwa kuwa msimamizi. Msomaji anapewa majina matatu na kazi tatu, na akinunua, ananunua akijua.

Washairi wa mwambao wetu walilifahamu jambo hili tangu kale. Mtu alipolipenda shairi la mtangulizi wake hakujitwalia beti zake akaziita zake, wala hakuzificha ndani ya beti zake. Alilitia takhmisi, akachukua mistari miwili ya mwenzake na kuitangulizia mitatu yake, kama ilivyofanywa kwa mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, na msikilizaji mwenye elimu alijua mkono wa pili unaishia wapi na wa kwanza unaanzia wapi. Tofauti ipo, nayo ni kubwa, kwa kuwa mwenye kutia takhmisi aliongeza juu ya neno lililokwisha timia, na hawa wanatafuta kulitimiza neno lililokatika. Lakini adabu ni moja, kwamba heshima ya marehemu hulindwa kwa kutochanganya sauti yake na sauti ya aliye hai.

Mizani hii ya amana inatusaidia pia kuona kwa nini visa vingine vina hukumu nyingine. Hergé wa Ubelgiji, mtunzi wa safari za Tintin, alisema wazi kuwa hataki mwingine aendelee na Tintin baada yake. Alipofariki mwaka 1983 aliacha kisa kimoja kikiwa katika rasimu za kalamu, na rasimu hizo zikachapwa kama zilivyo mwaka 1986, msomaji akafika mahali ambapo Tintin yumo hatarini na hakuna ukurasa unaofuata. Charles Schulz wa Marekani naye hakutaka Peanuts ichorwe na mtu mwingine, na katuni yake ya mwisho ya Jumapili ilitoka tarehe 13 Februari 2000, siku moja baada ya kufariki kwake. Katika visa hivi neno la mwenye mali limekwisha tamkwa, na anayeliasi kwa kisingizio cha mapenzi atakuwa amekula amana.

Upande wa pili yupo mtunzi wa manga Takao Saito, aliyeanza kutoa Golgo 13 mwaka 1968 na akafariki Septemba 2021, miezi michache tu baada ya Miura. Yeye tangu zamani aliipanga karakana yake kwa mgawanyo wa kazi, huyu mwandishi, huyu mchoraji wa silaha, huyu wa majengo, akataka hadithi iweze kuendelea bila yeye, na imeendelea kwa idhini yake. Hapo mashaka ya wasomaji huwa mepesi, kwa sababu hawaulizi kama mwenyewe angeridhia. Naye Yoshito Usui, mtunzi wa Crayon Shin-chan, alifariki ghafla mlimani mwaka 2009. Watu wake wakaendelea mwaka uliofuata, lakini wakaongeza katika jina la kazi neno lenye maana ya mpya, na kwa neno hilo moja wakawa wamesema ukweli wote uliohitajiwa.

Baina ya pande hizo mbili ndipo ilipo Berserk, na kuna wanaosema kwamba ingekuwa bora iachwe kama ilivyoachwa Hi no Tori, yaani Ndege wa Moto, kazi kubwa ya Tezuka, ambaye alifariki mwaka 1989 bila kuichora ile sehemu iliyokusudiwa kuifunga. Hoja hii naiheshimu, maana kazi iliyokatika ina utukufu wake, na mara nyingi mkono wa kuunganisha huharibu zaidi ya ule uliokata. Lakini tuitazame tofauti ya kazi zenyewe. Hi no Tori ni mkusanyiko wa visa ambavyo kila kimoja chaweza kusimama peke yake, hiki cha zama za kale, hiki cha zama zijazo, hata msomaji aliyevikosa viwili hajapoteza vile alivyovisoma. Berserk ni njia moja ndefu inayoelekea kwenye makutano ya watu wawili, na anayeachwa katikati ya njia hiyo hajapewa kitu kilicho kamili katika udogo wake. Tena sijasikia kwamba Tezuka alimwachia sahibu habari za hatima kwa juma zima. Mori alikuwa nazo kifuani, akaeleza kuwa alihisi hawezi kuukimbia wajibu huo, na kwamba kama angejitia kutojua, angejiona anamsikia Miura akimlaumu kwa kuambiwa yote na kunyamaza. Mtu anayebeba neno la marehemu ambalo hapana mwingine anayelijua, akifa nalo, naye pia amelipoteza.

Kwa hiyo nasimama upande wa wale wanaotaka kazi iendelee, lakini nasimama hapo kwa masharti, na masharti hayo ndiyo yanayowapa wasomaji wenye shaka cheo chao. Mori na Studio Gaga wataendelea kuwa waaminifu kwa kadiri watakavyojua kwamba mbele yao kuna macho yanayokumbuka namna Miura alivyokuwa akikiacha kimya kitende kazi, yanayoitambua kauli iliyo ngeni kinywani mwa Guts, yanayouliza kila mara, je, hili tuliambiwa au limebuniwa? Wachapaji nao watajizuia kuongeza juzuu kwa ajili ya faida, maana watajua kuwa wanunuzi hawa hawalipi kwa jina peke yake. Msomaji anayekubali kila kitu kwa furaha hamsaidii marehemu, na anayekataa kila kitu bila kukisoma hamsaidii pia. Anayemsaidia ni yule anayesoma kwa moyo mweupe na akili iliyo macho.

Nawausia basi vijana wetu wapenzi wa fani hii mambo matatu. Kwanza, juzuu 41 zilizotangulia zirudiwe mara kwa mara, kwa kuwa humo ndimo Miura alimo, na asiyezijua vizuri hana kipimo cha kuzipimia zilizofuata. Pili, sehemu mpya zisomwe kwa jina lake halali, yaani masimulizi ya sahibu juu ya hadithi ya sahibu, na zihukumiwe kwa uaminifu wake kabla ya kuhukumiwa kwa ufundi wake. Tatu, mtu asione haya kusema kuwa hajaridhika, wala asimcheke mwenziwe aliyeridhika, maana wote wawili wamefiwa na mtu mmoja, na huzuni haikuwagawia sawa.

Na kwa watunzi wanaonisikiliza, wenye tenzi, riwaya na tamthilia zilizolala mezani hazijaisha, nina neno moja la mwisho. Mwambieni mtu, tena mwandike, mnalotaka lifanyiwe kazi yenu mkiondoka: iendelezwe, au iachwe ilipo, au ichapwe pamoja na mapengo yake. Miura alimwambia rafiki mmoja, na kwa sababu ya juma lile moja la mazungumzo, wasomaji wake leo wana kitu cha kukitilia shaka badala ya kukosa kabisa. Anayeandika wasia wa kazi yake anawapunguzia anaowapenda mzigo wa kukisia, na anawapa wasomaji wake haki ya kujua.